Fyuzi, breka au isoleta: ulinganisho wa vifaa vya kukata na kulinda umeme wa sola nyumbani

Anayefunga mfumo wa sola nyumbani hukutana na vifaa vitatu vinavyofanana kwa sura na kutofautiana kwa kazi: fyuzi, breka na isoleta. Vyote hukaa ndani ya kisanduku kimoja, vyote huandikwa ampea na volti, na mara nyingi huuzwa kana kwamba kimoja kinaweza kushika nafasi ya kingine. Fyuzi hulinda waya dhidi ya mkondo uliozidi, lakini haifai kuchomolewa kwa mkono umeme ukiwa unapita. Isoleta huzimwa kwa mkono hata umeme ukiwa unapita, lakini haitambui mkondo uliozidi wala haijikati yenyewe. Breka hufanya yote mawili, na kwa sababu hiyo wengi huichukulia kuwa jibu la kila swali.

Si jibu la kila swali. Kifaa kinachofaa hakiwezi kujulikana kabla ya kujulikana kitakaa wapi, kwa kuwa upande wa paneli, upande wa betri na upande wa inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika nyumbani) unaoelekea nyumbani kila mmoja una hatari yake. Kwenye paneli hatari kubwa ni cheche isiyozimika. Kwenye betri ni mkondo mkubwa kupita kiasi. Kwenye upande wa nyumba ni mambo ambayo mafundi wamekwisha kuyazoea kwa miaka mingi, isipokuwa moja nitakalolieleza. Kwa hiyo nitavilinganisha vifaa hivi mahali kwa mahali, badala ya kuvipanga kwa ubora wa jumla.

Ugumu wa kukata umeme wa DC

Umeme wa AC, ule wa soketi za nyumbani, hugeuka mwelekeo kila wakati. Kwa masafa ya hezi 50, mkondo hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde. Vigusio vya swichi vinapoachana na cheche kuruka kati yake, cheche hiyo hupata nafasi ya kufa kila mkondo unapofika sifuri. Umeme wa DC, ule wa paneli na betri, hupita upande mmoja tu, kwa hiyo hauna nafasi hiyo. Cheche ikishawaka hugeuka kuwa tao la umeme, na tao hilo huendelea kuwaka maadamu volti zinatosha kulivusha pengo. Shaba huyeyuka, plastiki huungua ikawa kaa, na kaa lenyewe hupitisha umeme, hata pengo lililokusudiwa kukata mkondo likawa njia mpya ya mkondo.

Breka ya DC ikipasuliwa, pembeni mwa vigusio vyake huonekana sumaku ndogo ya kudumu, na mbele yake rundo la vibati vya chuma vilivyopangwa kwa nafasi nyembamba zinazolingana. Sumaku husukuma tao liingie katikati ya vibati. Vibati hulikatakata kuwa matao mengi mafupi. Kila tao fupi hudai sehemu yake ya volti, mpaka volti za chanzo zishindwe kuyalisha yote, yazimike. Breka ya AC nayo ina vibati, lakini hutegemea nguvu ya mkondo wenyewe kulisukuma tao. Mkondo wa shoti ya AC, wenye mamia au maelfu ya ampea, una nguvu ya kutosha. Mkondo wa ampea 10 kutoka kwenye paneli hauna. Hii ndiyo sababu breka ya kawaida ya nyumbani, hata ikiwa imeandikwa 400 V, haifai kukata safu ya paneli (paneli zilizoungwa mfululizo) yenye volti 400: zile 400 ni za AC, na uwezo wake wa DC, kama umeandikwa, mara nyingi ni makumi machache ya volti kwa kila ncha. Katika makosa yote ya ununuzi, hili ndilo la hatari zaidi, kwa sababu breka hiyo hufanya kazi bila tatizo lolote mpaka siku itakapohitajika kukata mkondo.

Upande wa paneli: fyuzi huhitajika mara chache kuliko inavyodhaniwa

Paneli za sola zina tabia ambayo hakuna chanzo kingine cha umeme nyumbani kilicho nayo: zikipata shoti, mkondo hauongezeki sana. Tuchukue paneli ambayo ikifanya kazi vizuri hutoa ampea 13.1, na ikipata shoti hutoa ampea 13.9. Tofauti ni chini ya ampea moja. Fyuzi ya ampea 20 iliyowekwa kwenye safu moja ya paneli kama hizo haitakatika kwa shoti ya safu hiyo hata ikiachwa juani siku nzima, na breka ya ampea 20 nayo haitaruka. Kifaa kipo, fedha imetumika, lakini ulinzi wa mkondo uliozidi haupo, na wala haukuhitajika, kwa sababu kebo iliyochaguliwa vizuri inaweza kubeba ampea 13.9 wakati wote.

Mambo hubadilika safu zinapounganishwa sambamba. Safu moja ikipata hitilafu, safu nyingine huweza kusukuma mkondo wa kinyume kuingia ndani yake. Nyuma ya kila paneli pameandikwa kiwango cha juu cha fyuzi ambacho paneli inaweza kuvumilia. Tuseme ni ampea 25. Kukiwa na safu mbili, safu mbovu itapokea ampea 13.9 kutoka kwa mwenzake, nazo ziko chini ya 25. Kukiwa na safu tatu, itapokea ampea 27.8, na paneli inaanza kupata joto ambalo haikuundwa kulibeba. Hapo ndipo fyuzi inapokuwa ya lazima, moja kwa kila safu. Hesabu hiyo fupi, ya idadi ya safu ukitoa moja, mara mkondo wa shoti, huamua kama fyuzi ni ulinzi au ni mapambo ndani ya kisanduku.

Ukubwa wake pia haukisiwi. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62548 kinataka fyuzi ya safu iwe zaidi ya mara 1.5 ya mkondo wa shoti, isizidi mara 2.4, wala isipite kile kilichoandikwa nyuma ya paneli. Kanuni za Marekani huzidisha mkondo wa shoti kwa 1.25 mara mbili, yaani 1.56. Kwa paneli yetu, njia ya kwanza inatoa kima cha chini cha ampea 20.9 na ya pili ampea 21.7, zote mbili zinaishia kwenye fyuzi ya ampea 25. Paneli zinazopokea mwanga pande zote mbili huongeza mkondo kulingana na mwanga unaoakisiwa kutoka chini, na anayezitumia ahesabu ongezeko hilo kabla ya kuchagua.

Fyuzi yenyewe iwe imeandikwa gPV, alama inayotokana na kiwango cha IEC 60269-6. Fyuzi za aina hii, nyingi zikiwa na kipenyo cha milimita 10 na urefu wa milimita 38, zimetengenezwa kukata mikondo midogo iliyozidi kidogo tu, chini ya volti kubwa za DC, jambo ambalo fyuzi ya kioo au ya gari haiwezi. Kishikio chake kina mlango unaofunguka kwa kidole, na hapo ndipo watu hudanganyika wakadhani ni swichi. Mlango huo ukifunguliwa paneli zikiwa zinafanya kazi, tao huwaka mbele ya mkono ulioufungua. Konekta za MC4, zile plagi za kuunganishia kebo za paneli, nazo zina hatari hiyo hiyo zikichomolewa mkondo ukiwa unapita.

Isoleta au breka kwa ajili ya kuzimia paneli

Kwa kuwa safu moja au mbili hazina haja ya ulinzi wa mkondo uliozidi, kinachobaki ni haja ya kuzima kwa usalama, na hapa ushindani wa kweli ni kati ya isoleta na breka ya DC.

Isoleta nzuri imejengwa kwa kiwango cha IEC 60947-3, na kwenye bamba lake huandikwa kundi la matumizi. DC-21B ni la mizigo ya kawaida ya DC. DC-PV1 limekusudiwa paneli zisizotarajiwa kuleta mkondo mkubwa uliozidi, kama safu moja. DC-PV2 ni la paneli zenye safu nyingi ambako mkondo kama huo unawezekana. Springi iliyo ndani ya isoleta ya kuzungusha hurusha vigusio kwa kasi ile ile, awe anayezungusha ni mwepesi au mzito wa mkono, na mara nyingi vigusio vya ncha kadhaa huunganishwa mfululizo ili pengo liwe refu zaidi. Tahadhari moja ni ya lazima: ampea zilizoandikwa kwa herufi kubwa usoni mwa isoleta kwa kawaida ni za volti ndogo. Jedwali dogo la pembeni ndilo husema ukweli, nalo huonyesha ampea zikishuka kadiri volti zinavyopanda.

Breka ya DC ina faida ya kuwa rahisi kuipata na rahisi kuibadilisha, na huingia kwenye reli ile ile ya kisanduku pamoja na vifaa vingine. Hata hivyo nina sababu mbili za kuiweka nyuma ya isoleta upande huu.

Sababu ya kwanza ni joto. Breka hutambua mkondo uliozidi kwa kibati kinachopinda kikipata joto, na kibati hicho hakiwezi kutofautisha joto la mkondo na joto la kisanduku kilichofungwa juani. Breka kadhaa zikibanwa ubavu kwa ubavu, kila moja ikipitisha mkondo karibu na kiwango chake kwa saa nyingi mfululizo, zitaruka bila kuwa na hitilafu yoyote, na mwenye nyumba atashawishika kununua kubwa zaidi.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Breka nyingi za DC zina mwelekeo: karibu na skrubu moja pameandikwa alama ya kujumlisha, na karibu na nyingine ya kutoa. Sumaku yake ya kudumu husukuma tao upande sahihi ikiwa tu mkondo unapita upande uliokusudiwa. Ikifungwa kinyume, sumaku ile ile husukuma tao mbali na vibati, kuelekea kwenye mitambo ya plastiki, na breka huungua mara inapozimwa ikiwa na mzigo. Sasa turudi kwenye safu tatu zilizo sambamba. Safu moja ikiharibika, mkondo wa hatari unaoingia ndani yake ni wa kinyume, yaani breka iliyofungwa sawasawa na fundi makini hutakiwa kukata mkondo unaopita upande ambao haikuundwa kuukata. Kwa hiyo breka yenye mwelekeo haifai kabisa kuwa mlinzi wa safu zilizo sambamba, hata kama ampea na volti zake ni sahihi. Anayetaka breka mahali hapo achague isiyo na mwelekeo, na asome maelezo ya mtengenezaji badala ya kutegemea maneno ya dukani, kwa sababu kwa nje aina hizi mbili hufanana.

Kipimo cha volti nacho kinastahili hesabu, liwe chaguo ni isoleta, breka au fyuzi. Volti za paneli huandikwa zikiwa na joto la nyuzi 25, na hupanda paneli inapopoa. Paneli 10 zenye volti 49 kila moja bila mzigo, zikiungwa mfululizo, hutoa volti 490. Ikiwa volti zake hupanda kwa asilimia 0.27 kwa kila nyuzi moja ya kushuka, basi kwenye nyuzi 0 zitakuwa zimepanda kwa karibu asilimia 6.75, na safu itafika volti 523. Kifaa cha volti 500 kilionekana kutosha, na kwenye asubuhi ya baridi yenye jua kali hakitoshi. Penye joto la mwaka mzima ongezeko ni dogo, lakini hesabu ifanywe kwa baridi kali kuliko zote inayojulikana mahali hapo.

Juu ya paa au karibu na inverta

Inaonekana busara kuweka isoleta karibu kabisa na paneli, ili kebo yote inayoshuka iweze kuzimwa. Australia ililifanya hilo kuwa sharti kwa miaka kadhaa, na matokeo yake yakawa somo kwa wote: isoleta zilizokaa juani na kwenye mvua ziliingiwa na maji, plastiki ikachakaa, na kifaa kilichowekwa kwa ajili ya usalama kikawa chanzo cha mioto ya paa. Kiwango cha Australia na New Zealand, AS/NZS 5033, cha mwaka 2021 kiliondoa ulazima huo na kuruhusu badala yake sehemu ya kutenganisha isiyo na swichi.

Marekani ilichukua njia nyingine. Kanuni zake za umeme za mwaka 2017 zilitaka kebo zilizo nje ya eneo la paneli kwenye paa la jengo zishuke hadi volti 30 ndani ya sekunde 30 baada ya mfumo kuzimwa, na zile zilizo ndani ya eneo hilo zisizidi volti 80, jambo linalofikiwa mara nyingi kwa vifaa vya kielektroniki vinavyofungwa kwenye kila paneli. Ni ulinzi mkubwa kwa wazimamoto wanaopanda paani, lakini huongeza viungio vingi juu ya paa, na kila kiungio kinaweza kulegea.

Pale ambapo kanuni hazilazimishi moja wala jingine, mimi huchagua isoleta moja nzuri, ndani au kivulini, pembeni mwa inverta, mahali mkono unapofika bila ngazi. Inverta nyingi za nyumbani za siku hizi huja na isoleta ndani yake, na kwa safu moja au mbili hiyo hukidhi matumizi ya kila siku; ya nje huwa na maana kubwa zaidi siku inverta inapong'olewa kwa matengenezo, kwa kuwa kebo za paneli haziondoki na inverta. Mwenye nyumba ajue pia kwamba kuzima isoleta hakuiui kebo inayotoka kwenye paneli. Maadamu kuna mwanga, kipande kilicho kati ya paneli na isoleta kina volti zake zote.

Upande wa betri: hapa fyuzi haina mpinzani

Yote yaliyosemwa juu ya paneli hugeuka kinyume tunapofika kwenye betri. Volti ni ndogo, kwa kawaida 12, 24 au 48, na tao ni rahisi zaidi kulizima kuliko la volti 500. Mkondo wa shoti, kwa upande wake, hauna kikomo kingine zaidi ya ukinzani wa betri na kebo. Betri ya litiamu ya volti 51.2, ambayo ukinzani wake pamoja na kebo ni miliomu 15, husukuma ampea zipatazo 3,400 spana ikiangukia kati ya ncha mbili. Betri nne kama hizo, kila moja ikiwa na kebo yake hadi mahali pa shoti, hufikia ampea 13,600. Kielektroniki cha ulinzi kilicho ndani ya betri huwahi kukata mara nyingi, lakini hukata kwa transista, na transista huweza kuharibika ikiwa imeshikana, ikaacha mkondo uendelee kupita.

Hivyo kipimo cha kwanza hapa ni uwezo wa kukata, yaani mkondo mkubwa kuliko wote ambao kifaa kinaweza kuukata bila kupasuka. Huandikwa kwa kiloampea, na mara nyingi ndicho kipimo ambacho mnunuzi haulizi. Fyuzi za daraja T hukata hadi ampea 20,000 za DC. Fyuzi ndogo za mchemraba zinazofungwa moja kwa moja kwenye ncha ya betri, zijulikanazo kama MRBF, hukata ampea 10,000 kwenye volti 14, lakini kwenye volti 58 uwezo huo hushuka hadi 2,000, kwa hiyo ni nzuri kwa mfumo wa volti 12 na dhaifu kwa betri kubwa ya litiamu ya volti 48. Fyuzi bapa za MEGA zinazouzwa kwa ajili ya magari nyingi zimeandikwa volti 32. Kuziweka kwenye betri ya volti 48 ni kuomba zifanye kazi ambayo mtengenezaji amesema haziwezi. Fyuzi za NH zenye visu viwili vya shaba zina uwezo mkubwa sana, ila kiwango cha kusomwa ni kile cha DC, si kile cha AC kilichoandikwa kwa herufi kubwa zaidi.

Kinachozipa fyuzi hizi kubwa nguvu ni mchanga safi wa kwazi (quartz) uliojaza mwili wake. Utepe wa ndani ukiyeyuka, mchanga huyeyuka pamoja na tao, hulinyonya joto lake na kugeuka kioo kisichopitisha umeme. Hakuna kigusio kinachosogea wala springi ya kuchoka. Breka ya kufungwa kwenye reli, ya ampea 125, mara nyingi imefika mwisho wa ukubwa wake, uwezo wake wa kukata huwa kiloampea chache, na hupata moto kwenye skrubu zake ikibeba mzigo mzito kwa saa nyingi. Breka kubwa za kiwandani za DC huvuka udhaifu huo, kwa bei inayozidi ya fyuzi ya uwezo uleule. Aidha, mkondo wa betri hupita pande zote mbili, ukiingia wakati wa kuchaji na ukitoka wakati wa kutumika, kwa hiyo breka yenye mwelekeo imekataliwa hapa bila mjadala.

Ukubwa hupatikana hivi. Inverta ya wati 5,000, betri ikiwa imeshuka hadi volti 44 na ufanisi wa inverta ukiwa asilimia 92, huvuta ampea 123.5. Tukizidisha kwa 1.25 tunapata 154, na fyuzi inayofuata ni ya ampea 160. Kebo lazima iweze kubeba zaidi ya 160. Utaratibu huu wa mzigo chini, fyuzi katikati na kebo juu hauvunjwi kwa sababu yoyote. Anayeongeza ukubwa wa fyuzi kwa kuwa inakatika, bila kuongeza unene wa kebo, ameigeuza kebo kuwa fyuzi. Kwa mantiki hiyo hiyo, kontrola ya chaji (kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaochaji betri) ya ampea 60 huwekewa fyuzi ya ampea 80 upande wa betri, kwani chanzo cha hatari kwenye kebo hiyo ni betri, wala si paneli.

Fyuzi ikae karibu na ncha ya betri iwezekanavyo, kwa sababu kipande cha kebo kilicho kabla yake hakina mlinzi. Betri zikiwa zaidi ya moja kwa sambamba, kila moja iwe na fyuzi yake, la sivyo betri moja ikipata shoti ndani, nyingine zote zitamimina mkondo wao ndani yake.

Fyuzi peke yake haitoshi kwa anayetaka kuzima betri kwa ajili ya matengenezo. Njia mbili zinafaa. Moja ni fyuzi ya daraja T au NH ikifuatiwa na swichi ya betri au breka isiyo na mwelekeo, ambapo breka hutumika kama swichi na kama ulinzi wa mzigo uliozidi kidogo, nayo fyuzi hubaki kwa ajili ya shoti kubwa. Nyingine ni swichi ya fyuzi, ambayo fyuzi za NH hukaa ndani ya kifuniko kinachovutwa. Hii ni nadhifu na imara, lakini isivutwe ikiwa na mzigo isipokuwa bamba lake linaonyesha kundi linaloruhusu hivyo kwa DC. Katika njia zote mbili, swichi ikiwashwa ghafla, kapasita za inverta huvuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi mno, cheche huruka na vigusio huliwa. Fyuzi huuvumilia mkondo huo, breka huweza kuruka. Kizuizi (rezista) cha kujaza kapasita taratibu kabla ya kuwasha ni kidogo na kina thamani kubwa kwa mwenye kuzima na kuwasha mara kwa mara.

Kama fedha haitoshi kununua vyote kwa wakati mmoja, fyuzi ya betri itangulie vifaa vingine vyote vya ulinzi.

Upande wa nyumba

Hapa breka ya kawaida ya AC inatosha, na fyuzi haina sababu ya kuwapo. Wati 5,000 kwa volti 230 ni ampea 21.7, mara 1.25 ni 27.2, breka ni ya ampea 32, na kebo ya kuifaa.

Lile jambo moja nililotaja mwanzoni ni hili. Breka ya mkunjo wa C ya ampea 32 huruka papo hapo mkondo ukifika kati ya mara 5 na mara 10 ya kiwango chake, yaani ampea 160 hadi 320. Gridi huweza kuutoa mkondo huo kwa urahisi. Inverta inayotegemea betri peke yake mara nyingi hutoa mara mbili tu ya kiwango chake kwa sekunde chache, yaani ampea zipatazo 43, kisha hujizima. Shoti ikitokea kwenye soketi moja, breka haitaruka. Nyumba nzima itazimika, na mwenye nyumba hatajua hitilafu iko wapi. Breka ndogo za mkunjo wa B kwenye kila mzunguko husaidia, kwa kuwa ile ya ampea 10 huruka papo hapo kati ya ampea 30 na 50, ijapokuwa hata hapo hakuna uhakika kamili. Kwa sababu hiyo kifaa cha kukata umeme unaovuja kuelekea ardhini kina uzito mkubwa zaidi katika nyumba ya sola kuliko katika nyumba ya gridi, na aina yake ichaguliwe kwa kufuata maelezo ya inverta, kwani baadhi ya inverta huweza kuvujisha DC ambayo aina za kawaida haziioni.

Mfumo unaopokea gridi na sola pamoja una vyanzo viwili au vitatu, na hakuna swichi moja inayoviua vyote. Vinapozimwa, vianze vya AC ili mzigo uondoke, kisha isoleta ya paneli, mwishoni betri. Kila kimoja kiwe na lebo isiyofutika na jua, inayosema kinakata nini na nini kinabaki na umeme.

Anayepanga kuongeza paneli baadaye

Mifumo mingi huanza na safu mbili na kukua. Safu ya tatu inapoungwa sambamba, mfumo ambao haukuhitaji fyuzi unazihitaji zote tatu siku hiyo hiyo, si ile ya safu mpya peke yake. Mwenye nia hiyo anunue tangu mwanzo kisanduku chenye nafasi za kutosha, isoleta ya DC-PV2 yenye ampea za safu zote kwa volti za baridi, na kebo kuu inayolingana. Vishikio vya fyuzi vinaweza kusubiri. Inverta yenye viingilio viwili vilivyojitenga hutoa njia nyingine: kila kiingilio kikipewa safu mbili, safu nne hukaa bila hata moja kufikia idadi inayodai fyuzi, mradi mtengenezaji wa inverta athibitishe kwamba viingilio hivyo havirudishiani mkondo kwa ndani.